Kisanduku cha kuchezea faili kwenye TV: miezi minne na kanda za baba

Baba alipenda kupiga video. Aliacha kanda 22 za kamera ya mkononi, zile ndogo za DV, na nilitumia likizo nzima kuzihamishia kwenye diski kabla kamera yenyewe haijafa. Kanda moja ya saa moja inatoa faili ya takriban GB 13. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta kisanduku cha kuonyeshea faili kwenye televisheni, filamu mpya hazikuwa kichwani mwangu kabisa. Nilitaka mama akae kwenye kochi lake, ashike rimoti, amtazame baba bila kunisubiri mimi nifike na kompyuta.

Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililoamua jinsi nilivyokipima. Watu wengi hujaribu visanduku hivi kwa faili nzuri: filamu ya karibuni iliyobanwa kwa H.264. Kiwango hicho kipo tangu 2003, na karibu kila kisanduku cha namna hii kinakichezesha, hata TV nyingi zenyewe. Jaribio la namna hiyo halikuambii kitu. Chukua faili inayokusumbua kuliko zote ulizonazo, uanze nayo.

Nilianza na TV yenyewe, kwa flashi. Flashi ilikuwa ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambao haupokei faili inayofika GB 4, basi hata kunakili kulikataa. Nikaifomati upya kwa exFAT. TV ikaonyesha jina la faili, nikabonyeza, ikaandika kwamba haitambui aina hiyo. Hapo ndipo nikanunua kisanduku.

Ni cheusi, kinaenea kiganjani, hakina feni, na programu yake imejengwa juu ya Kodi, programu ya bure ya kuchezesha video. Kina tundu moja la HDMI, matundu mawili ya USB, na tundu la kebo ya mtandao. Kuwaka kunachukua kama sekunde 40. Siku ya kwanza nilichomeka diski kwenye USB ya kawaida, ikaanza kulia tik-tik-tik na kupotea kwenye menyu kila baada ya dakika chache. Diski haikuwa mbovu, ilikuwa na njaa ya umeme: USB 2.0 imepangiwa kutoa miliampia 500, USB 3.0 inatoa 900. Nilipoihamishia kwenye tundu la buluu ilitulia, na haijalia tena hadi leo. Ukiwa na diski kubwa ya mezani, hakikisha ina adapta yake.

Sasa nije kwenye picha.

Nilifungua kanda ya 7. Ni mojawapo ya zile chache ambazo kamera aliishika mama, kwa hiyo baba anaonekana. Yuko uani, anamfundisha dada yangu kuendesha baiskeli, anakimbia kando yake huku ameshika kiti. Kisanduku kiliichezesha faili bila kusita, na mimi nikashusha pumzi. Lakini kila baba alipokimbia, mwili wake ulikuwa unarukaruka, mbele kidogo na nyuma kidogo, kama anayetetemeka. Aliposimama, picha ilikuwa safi. Mama akasogea mbele ya kochi.

“Mbona anatetemeka hivyo? Wakati ule alikuwa hata hajaanza kuumwa.”

“Si yeye, mama. Ni picha.”

Nilikaa na jambo hilo usiku mzima, kwa sababu sikutaka aende kulala akiwa na picha ile kichwani. Kamera ya baba haikurekodi picha nzima. Ilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde: moja ina mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea, inayofuata ina mistari ya 2, 4, 6 na kuendelea, zikipishana. Skrini za siku hizi huonyesha mistari yote kwa pamoja, kwa hiyo ni kazi ya kisanduku kuzitenganisha zile nusu na kuzipanga upya. Kikizirundika tu, ukingo wa kitu kinachotembea unachanika kama meno ya kitana. Kikizitenganisha lakini kikaanza na nusu isiyo yake, kila kitu kinachosogea kinapiga hatua mbele na kurudi nyuma, mara 25 kila sekunde. Kanda za DV huanza na nusu yenye mistari ya 2, 4, 6. Kisanduku kilikuwa kinaanza na ile ya 1, 3, 5.

Chaguo la kubadili lipo, ila limefichwa: lazima uwe umefungua video, uingie menyu ya picha, ushuke hadi karibu mwisho. Nilibadilisha pale pale. Spoki za baiskeli zikaanza kuzunguka kama spoki, na baba akakimbia kama mtu anayekimbia. Mama hakusema neno, alirudi nyuma akaegemea. Kwa jambo hilo peke yake ninakisifu kisanduku hiki. Kilichonikera ni kwamba chaguo hilo linawekwa kwa kila faili peke yake. Linakumbukwa vizuri ukishaliweka, lakini nilifungua faili zote 22, moja baada ya nyingine.

Kuna tatizo lililofuata ambalo si kosa la kisanduku. Faili za DV zina pikseli 720 kwa 576 na zinatakiwa kuonyeshwa kwa umbo la zamani la 4:3, zikiwa na weusi pande mbili. Kisanduku kiliheshimu hilo. TV ndiyo iliyoivuta picha hadi ikajaza skrini, na baba akawa mnene wa mashavu. Ondoa huo uvutaji kwenye mipangilio ya TV. Watu huona weusi wa pembeni kama hasara, lakini sura ya mtu unayemfahamu ikipanuka unaijua mara moja.

Kwa filamu za kawaida sina malalamiko makubwa. Sinema hupigwa kwa fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde, TV yangu inachora mara 60, na 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24. Fremu moja inakaa mara mbili, inayofuata mara tatu, na kamera inapogeuka polepole unaona mwendo unashtukashtuka. Dawa yake ni kukiruhusu kisanduku kibadili kasi ya skrini kulingana na faili. Kinaweza, ila kutoka kiwandani chaguo hilo limezimwa. Liwashe kabla hujafanya kitu kingine. H.265, mrithi wa H.264, inapita vizuri, hata yenye rangi za biti 10. AV1, kiwango cha kubana video cha 2018, inakatakata, kwa hiyo anayenunua leo akague hilo kwenye maelezo ya kifaa kabla hajatoa pesa.

Sauti ilinisumbua jioni moja tu: filamu yenye DTS, aina ya sauti ya sinema, ilicheza kimya kabisa. Nilikuwa nimekiambia kisanduku kipeleke sauti ghafi kwa TV, na TV haiielewi DTS. Nikazima hilo, kisanduku kikaanza kuitafsiri chenyewe. Maandishi ya chini yakitoka na alama za ajabu badala ya herufi, lihifadhi upya faili lake, lile la SRT, kwa UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote.

Mtandao: kanda hizi zinataka karibu megabiti 29 kwa sekunde, na Wi-Fi ya nyumbani iliganda kila mtu mwingine alipoanza kupakua kitu. Kebo imemaliza hilo. Tundu la kebo la kisanduku hiki lina megabiti 100, zinanitosha. Mwenye nakala kamili za diski za 4K hazitamtosha, maana zile zinaweza kupita 100.

Kosa kubwa lilikuja mwezi wa tatu. Kisanduku kilijisasisha chenyewe usiku na kufuta mipangilio yangu yote. Mama alinipigia simu asubuhi: “Mwanangu, baba yako ameanza tena.” Niliwaandikia walioniuzia, wakanijibu nizime na kuwasha. Kurudia faili 22 kulinichukua saa mbili. Tangu hapo nimezima kujisasisha, na nakala ya mipangilio iko kwenye flashi ndani ya droo. Kitu kilichowekwa sebuleni kwa mzee hakitakiwi kubadilika usiku bila kuuliza.

Rimoti yake siipendekezi. Vitufe ni vidogo na vyote vina umbo moja, gizani huwezi kuvitofautisha. Hatuitumii. Kisanduku kinatii rimoti ya TV kupitia kebo ya HDMI: mishale, sawa, rudi. Mama anahitaji hivyo tu. Kila kanda nimeipa folda yake, na ndani nimeweka picha niliyoichomoa kwenye video yenyewe, ikiitwa folder.jpg. Kisanduku kinaionyesha hiyo picha badala ya jina. Kwa hiyo mama hasomi orodha, anachagua kwa nyuso.

Kama unatazama vya mtandaoni tu, TV yako inakutosha, usinunue. Kama una diski yenye mafaili ya miaka mingi, ya kila aina, nunua chenye menyu ya picha yenye kina kama hiki.

Kinakumbuka pia mahali ulipoishia, kwa kila faili. Jana nilipita kumsalimia mama, alikuwa nje. TV ilikuwa imezimwa. Niliiwasha nione kama kila kitu kiko sawa, nikakuta kanda ya 7 imesimama dakika ya 41, baba akiwa ameachilia kiti cha baiskeli.