For Greater Glory: nimeitazama mara mbili, nina ya kusema

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii ukumbi wa parokia, Jumapili ya Kristo Mfalme. Projekta ya kuazima, skrini ni shuka jeupe la mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Filamu ni ya Kiingereza, kwa hiyo kijana mmoja wa kwaya alikabidhiwa kipaza sauti atutafsirie. Alianza kwa mbwembwe zote, kama wale wa mabanda ya video. Ilipofika pale askari wanapomchana nyayo José, mtoto aliyejiunga na wapiganaji wa Kikatoliki, kwa kisu kisha wanamtembeza peku hadi makaburini, kijana akanyamaza. Hakuna aliyemwambia aendelee.

Wiki iliyopita nikaitazama tena, peke yangu nyumbani, rimoti mkononi.

Ni filamu ya mwaka 2012 kuhusu vita ya Wakristero, Wakatoliki walioishikia serikali silaha, nchini Mexico. Rais Plutarco Elías Calles aliamua kuzitekeleza bila huruma ibara za Katiba ya 1917 zilizolibana Kanisa: padre asionekane barabarani na kanzu, nyumba za watawa zifungwe, mapadre wa kigeni waondoke. Sheria yake ilianza kutumika tarehe 31 Julai 1926, na siku hiyohiyo maaskofu wakasimamisha ibada makanisani nchi nzima. Ikawa hivyo hadi 1929. Hebu fikiria parokia yako, karibu miaka mitatu hakuna misa kanisani, mtoto akizaliwa unamtafuta padre kwa kujificha usiku.

Andy García ndiye jenerali Enrique Gorostieta, mwanajeshi mstaafu ambaye imani yenyewe haimsumbui. Wakatoliki wanamkodi kwa mshahara mnono kwa sababu wana watu na farasi, ila hawana anayejua vita. Hapa filamu imenishika. García haigizi mtu anayeongoka ghafla kama katika maigizo yetu ya Pasaka. Anawatazama wale wakulima wakipiga magoti kabla ya mapigano, anageuka pembeni, anavuta sigara yake. Imani inamwingia polepole. Rubén Blades naye, ambaye watu wengi wanamjua kwa salsa, amemfanya Calles awe mtu mtulivu, asiyepiga kelele, na ndiyo maana anatisha.

Peter O'Toole anatokea kwa muda mfupi tu, akiwa Padre Christopher, mzee anayekataa kukimbia. Mzee wa watu hana haraka, hana hotuba. Wakimpiga risasi mbele ya kanisa lake, José anaona kwa macho yake.

Kuna jambo watu wengi ukumbini walilipita bila kuliona: akina mama wanaobeba risasi mwilini, chini ya nguo, wakipita mbele ya askari. Hiyo si chumvi ya watunga filamu. Kulikuwa na kikosi cha siri cha wanawake, Brigedi za Mtakatifu Joan wa Arc, kilichoanzishwa mwaka 1927, na bila wao wapiganaji wangebaki na mapanga. Mimi ningetaka filamu nzima iwahusu hao. Tumepewa vipande vichache tu, kisha tunarudishwa kwenye farasi na baruti.

Maana farasi na baruti vimejaa. Filamu inakaribia saa mbili na nusu, na muziki wa James Horner, mzuri ukiusikiliza wenyewe, haukuachii nafasi ya kupumua. Kila jambo zito linatanguliwa na vinanda, kana kwamba hatuaminiwi kulia wenyewe. Na hao Wamexico kuzungumza Kiingereza kati yao, hata wakiwa jikoni, sikukizoea mpaka mwisho.

Kinachoniuma zaidi ni kufagiafagia. Mwaka 1927 wapiganaji wakiongozwa na Padre Vega walivamia treni na kuichoma, na raia wakafa humo. Filamu haikulificha, lakini inalipitia mbiombio, padre anajuta, tunaendelea. Watu waliokufa ndani ya behewa walistahili dakika zaidi ya hizo. Ukaribu wa José na jenerali, kama baba na mwana, nao umetiwa chumvi. Baada ya filamu nilikwenda kusoma: José Sánchez del Río wa Sahuayo alikamatwa baada ya kumpa farasi wake kamanda mwingine, Luis Guízar Morfín, ili atoroke. Na aliyesimamia mateso yake, Picazo, alikuwa msimamizi wake wa kiroho kanisani. Kanisa alilobatizwiwa lilikuwa limegeuzwa jela, Picazo akifugia humo majogoo yake ya kupiganisha. José akawaua majogoo hao.

Mwisho nao unakimbizwa. Gorostieta aliuawa tarehe 2 Juni 1929. Siku 19 baadaye maaskofu na serikali wakapatana, balozi wa Marekani akiwa msuluhishi, na wapiganaji wakaambiwa waweke silaha chini bila kuulizwa. Wengi waliotii wakawindwa na kuuawa baadaye. Hapo ndipo palikuwa na filamu nyingine kabisa, chungu kuliko hii.

Nawashauri mwitazame? Ndiyo, ila si pamoja na watoto wa komunyo ya kwanza, kosa tulilolifanya sisi. Binti wa dada yangu, miaka minane, usiku ule alikataa taa izimwe, akalala katikati yangu na mama. Akaniuliza yule José alikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia kumi na minne, sawa na Kizito wa Namugongo, yule shahidi mdogo wa Uganda.

Akanyamaza, akahesabu vidole vyake gizani chini ya shuka.

"Mamdogo, mimi nimebakiza sita."