Ko, ko, ko: walivyotaka kuifungua injini yangu

Naandika hasira haijapoa, atakayeona nimezidisha chumvi anisamehe. Jina la gereji silitaji. Iko Arusha, ina mbwa mvivu anayelala getini, na ina fundi mkuu ambaye ovaroli yake ni safi kuliko shati langu la Jumapili. Hilo la ovaroli lilitakiwa linishtue mapema.

Gari ni Kosta ya zamani, ya injini ya dizeli ya 1HZ, iliyobeba abiria mpaka viti vikaisha. Nilipoinunua nikang'oa viti vyote, nikaweka kitanda, kabati la mbao, jiko la gesi, na chini ya sakafu, kwa nyuma, nikaning'iniza tenki la plastiki la maji la lita 120. Mke wangu anauza vitenge minadani. Mimi ni dereva, mlinzi na mpishi msaidizi. Tunalala humohumo, hela ya gesti tunanunulia mzigo.

Sasa huo mlio. Ulianza muda kidogo kabla ya mvua, tukitoka Makuyuni kwenda Mto wa Mbu. Nikifunga breki kwenye tuta: ko. Zito, mara moja, kama kuna mtu chini ya gari anabisha hodi kwa ngumi. Tuta la pili: ko, ko. Halafu kimya mpaka kijiji kinachofuata. Tukipanda ule mlima kuelekea Karatu, kwenye kona kali, ko. Asubuhi ukiusikiliza haupo. Mchana upo. Jioni ndiyo umekolea. Kesho yake asubuhi gari kimya kama limenunuliwa leo. Nikaanza kuuliza watu, na kila mtu akatoa ugonjwa wake: krosi ya propela, shokapu, springi imekatika jani. Mzee mmoja wa mnadani akasema kuna mtu ananionea kijicho.

Ndiyo nikaenda kwa yule mwenye ovaroli safi.

Nikamweleza vizuri kabisa: nikifunga breki, nikipita kwenye matuta, nikikata kona. Hakuingia chini ya gari. Hakuomba twende nalo barabarani. Akasema, "Washa." Ilikuwa asubuhi, Arusha ya baridi, injini imelala usiku kucha, na nozeli zangu, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, nakiri zilikuwa za siku nyingi. Sasa dizeli ya namna hiyo ikiwashwa baridini itaacha kugonga? Ikagonga. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini, mpini sikioni, akafumba macho kama daktari anayepima mapafu. Alipoyafumbua akasema beringi za konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, zimekwisha, tena nikichelewa konrodi itatoboa bloku. Injini ishushwe, ifunguliwe yote. Milioni nne na nusu, "bila vitu vidogovidogo."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. Akasema, kwa adabu zake zote, "Samahani fundi, mlio tunaousema sisi hautoki huko mbele. Uko nyuma, chini ya miguu yangu."

Yule bwana hakugeuka hata kumtazama. Akaniambia mimi: "Mzee, mwambie mama akachemshe chai, injini atuachie sisi."

Vijana wakacheka. Na mimi, hili ndilo linaloniuma mpaka leo, nikatabasamu. Tabasamu hilo nimeshalilipia kwa namna nyingi, nyingine hazihusiani na gari.

Mimi si fundi. Ila nimeendesha magari miaka mingi, na mambo mengine dereva yeyote anayajua. Injini ikigonga, mlio unafuata mizunguko ya injini. Simamisha gari, weka frii, kanyaga mafuta: mlio ukienda mbio pamoja na mguu wako, tafuta mbele. Gari likisimama na mlio ukisimama, injini inasingiziwa. Beringi ya konrodi iliyokufa haisubiri tuta. Inagonga mfululizo, inazidi injini ikibeba mzigo, na geji ya oili inaanza kulegea injini ikipata moto. Geji yangu ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote. Nilimwambia. Akasema geji za Kosta zinadanganya.

Gari likalala pale siku mbili nikiwaza milioni nne na nusu ni vitenge vingapi. Siku ya tatu fundi mkuu alikuwa ameenda kula. Kijana mmoja, mwembamba, mikono imejaa oili mpaka viwikoni, akaja na spana, akaniambia niwashe niache sailensa, yaani injini iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta. Akawa analegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine. Unalegeza, silinda ile inakosa mafuta, unasikiliza, unakaza, unahamia inayofuata. Ya kwanza, mgongano uleule. Ya pili, uleule. Alipofika ya nne ule mgongano ukapotea kabisa. Akakaza, ukarudi. Akalegeza tena ili nisikie mwenyewe. Dakika kumi hazikufika. Nozeli tu! Beringi nzima, bloku nzima, na milioni zangu nne na nusu zikarudi mfukoni.

Bwana mkubwa aliporudi akaambiwa. Mnadhani aliomba radhi? Alisema, "Nilisema *inawezekana* ni beringi."

Wakashughulikia nozeli, na kwa sababu nilikuwa bado nawakumbusha kuhusu matuta, wakaniambia wamebadilisha na bushi za shokapu za mbele, vile vipira vya kwenye maungio. Jumla 780,000. Akaliendesha mwenyewe kujaribu, mimi pembeni yake. Matuta matatu, breki za ghafla, kona. Kimya. Akapiga dashibodi kwa kiganja: "Umeona, mzee?" Nikaona. Nikalipa. Nikamshukuru hata, Mungu anisamehe.

Ambacho sikukijua ni kwamba vijana walikuwa wamemwaga maji yote ya tenki kabla ya kuingiza gari shimoni, fundi asije akalowa.

Safari iliyofuata tulijaza maji Arusha asubuhi, tukaondoka tukipiga soga. Mke wangu akapika njiani, akaosha vyombo, tukaoga. Baada ya chakula cha mchana, tuta la kwanza: ko. Nilisimamisha gari nikatukana, peke yangu, kwa sauti. Nikampigia simu fundi mkuu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mzee, gari kuukuu lazima liongee," akakata. Liongee! Kwa 780,000 niliyotoa, lilitakiwa liimbe.

Mke wangu hakusema kitu. Akakaa nyuma, akavua viatu, akaweka nyayo sakafuni, akaniambia niende taratibu, nifunge breki. Ko. Tena. Ko. Kisha akaniuliza swali ambalo halikuulizwa na mtu yeyote gereji nzima: "Maji yamebaki kiasi gani?"

Maana ni yeye anayepika. Mimi najua mafuta yamebaki kiasi gani, yeye anajua maji. Na alikuwa ameshaona kuwa mlio unakuja tenki likifika nusu, na asubuhi, tukishajaza upya, unatoweka. Tukanunua madumu matatu pale Mto wa Mbu, tukamimina mpaka likajaa. Breki: kimya. Tukafungulia mpaka nusu. Breki: ko. Tukamwaga yote, tukabaki na kelele nyepesi tu ya plastiki, ambayo ukiwa kwenye usukani huwezi kuisikia.

Nikaingia chini na tochi ya simu. Tenki linashikwa na mikanda miwili ya chuma, na kati ya mkanda na tenki niliweka mipira. Mipira ilikuwa imelika imebaki nyembamba kama ganda la embe, mikanda imelegea, unaingiza vidole viwili. Mbele ya tenki kuna chuma kinachokatiza chesisi, na hapo rangi ilikuwa imechubuka duara la ukubwa wa mdomo wa kikombe, chuma kinang'aa kama fedha. Pembeni, alama ya mgongano kwenye bomba fupi la kutolea maji, lile la chuma. Hapo ndipo hodi ilipokuwa inabishwa.

Ukilitazama ni hesabu ya mtoto. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tenki likijaa, kilo 120 zimelikandamiza, na maji hayana nafasi ya kukimbia. Likiwa nusu, lenyewe limekuwa jepesi, na kilo 60 za maji zinakimbilia mbele kila ukikanyaga breki, zinalisukuma tenki zima. Likiwa tupu hakuna wa kulisukuma.

Mnadani kulikuwa na Mmasai anayeshona katambuga za matairi. Akanikatia vipande vinne vya tairi, 3,000. Nikavipachika, nikakaza mikanda, imekwisha. Tumeshapanda na kushuka ule mlima mara nyingi tu, tenki limejaa, tenki nusu, na kinachogonga sasa ni mfuniko wa birika peke yake.

Sasa niseme na la haki. Zile nozeli zilifanywa vizuri. Karatu baridi yake mnaijua, na gari lilikuwa linanitesa kuwaka alfajiri, linafuka moshi mweupe mpaka majirani wanakohoa. Sasa linawaka mara moja. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuandika hivi: mwenye shida ya nozeli aende, amtafute yule kijana mwembamba, aende saa ambayo mkubwa wake anakula. Nilikuwa hata nafikiria kwamba labda nimemhukumu vibaya yule bwana. Alisikia mlio mmoja, mimi namweleza mwingine, na wa kwake kweli ulikuwepo.

Lakini jana nimeingia tena chini kuangalia vile vipande vya tairi kama vimekaa. Nikasema nipitishe tochi na mbele. Bushi ya shokapu ya kulia ni mpya, nyeusi tii. Ya kushoto ina mpasuko wenye umbo la herufi V, ambao niliuona mwenyewe kabla sijalipeleka gari kwao. Imeoshwa kwa dizeli, ikang'arishwa, ikarudishwa.

Nikafuta yale mazuri ya nozeli. Kisha nikayarudisha, kijana wa watu hana kosa. Wiki hii tunapita Arusha kuchukua mzigo, na getini tutasimama. Risiti ninayo, bushi nitaenda nayo mkononi, ila safari hii mimi nakaa kwenye usukani. Anayeshuka kuongea na fundi ni mke wangu.