CD za mtumba za Kijapani: zipi za kuchukua kwanza kwenye rafu ya yeni 110

Book Off ni maduka ya mitumba yaliyoanza Japani mwaka 1990 kwa kuuza vitabu, na leo yana CD ukuta mzima. Rafu ya kuanzia ni ile ya bei ya kutupwa, ambayo kwa miaka mingi imekuwa yeni 110, kodi ndani. CD hizohizo zilipokuwa mpya ziliuzwa karibu yeni 3,000. Mgeni hudhani kilichoshuka hivyo ni takataka. Sivyo. Mauzo ya CD Japani yalifika kilele mwaka 1998, na sasa watu wanamwaga makabati yao. Ndiyo maana First Love ya Hikaru Utada, albamu iliyouzwa kuliko zote nchini humo, imejaa tele. Kwa hiyo ukitaka pop yenye vituko kwa bei chee, tafuta wenye vituko ambao pia waliuza sana.

Namba moja ni Puffy, na hapa sibishani na mtu. Ami Onuki na Yumi Yoshimura walitoka mwaka 1996 wakiwa na jinzi na fulana, wakiimba kama hawana haraka ya kwenda popote. Mtayarishaji wao, Tamio Okuda, aliiba waziwazi kwa Beatles na hakujisumbua kuficha. Chukua Jet CD ya 1998. Kama uliwahi kutazama katuni za Teen Titans, wimbo wa kufungulia ni wao hao.

Namba mbili ni Pizzicato Five: sauti ya Maki Nomiya, na muziki wa Yasuharu Konishi uliojaa ladha ya filamu za Ulaya za miaka ya 60. Mkusanyiko wowote unatosha kuanzia. Bei huwa juu kidogo kuliko Puffy, lipa tu.

Tatu ni Halcali, wasichana wawili wa kurap kwa mzaha. Halcali Bacon (2003) ilitayarishwa na watu wa kundi la rap la Rip Slyme, na midundo yake bado inachekesha bila kuchosha.

Nne, single za sentimita 8, zile za kasha refu jembamba la karatasi zilizoanza mwaka 1988. Kwa kawaida unapata nyimbo mbili, halafu moja au zote mbili bila sauti ya mwimbaji, kwa ajili ya karaoke. Ni raha kukusanya. Ila tahadhari kwa wenye magari yaliyotoka Japani, maana redio nyingi za magari hayo bado zina CD: usiingize hicho kidogo kwenye redio ya kumeza, kinaweza kukwama. CD kubwa ni sawa, na kwa redio ambayo FM yake inaishia 90, ndiyo kazi pekee iliyobaki.

Za mwisho kabisa ni single za AKB48, kundi kubwa la wasichana. Mashabiki walinunua nakala nyingi kwa ajili ya vitu kama karatasi ya kumpigia kura msichana wao wa kundi iliyokuwa ndani, kisha CD ikatupwa. Ziache. City pop, ile pop laini ya mjini ya miaka ya 80, nayo usiipigie hesabu hapa. Ilishapanda bei zamani.

Kabla ya kulipa, geuza kasha. Nyuma, kwa maandishi madogo, kuna bei ya awali na tarehe ya kutoka, mwaka kwa tarakimu mbili. CD za 2002 hadi 2004 zikague zaidi: baadhi zina alama ya CCCD, kinga ya kuzuia kunakili inayofanya kompyuta na redio fulani zikatae kuzisoma. Ule utepe wa karatasi unaozunguka kasha, obi, ukiwepo ni dalili kwamba mwenyewe alikuwa mtunzaji. Stika ya duka la kukodisha ni dalili ya kinyume; fungua utazame mikwaruzo.

Ukiagiza kutoka mbali kupitia wakala, usiagize moja moja, kwa sababu usafiri utazidi bei ya CD mara kadhaa. Kusanya kumi au ishirini kwenye kifurushi kimoja, na kama wakala anakubali, mwambie atoe makasha ya plastiki na kubakiza vijitabu. Makasha ndiyo uzito, na kasha tupu unaweza kulipata popote.