Monita ya 144Hz kutoka Kariakoo, na joto lililokuja nayo

Kwa mwenye haraka: monita ya kompyuta ni AOC 24G2, ya mtumba, inabadilisha picha hadi mara 144 kwa sekunde (ndiyo hiyo 144Hz), nimeinunua Kariakoo kwa Sh 370,000 na sijutii hata shilingi moja. Duka nalipatia nyota tatu na nusu kati ya tano. Fundi niliyempelekea kompyuta baadaye simpi kitu, na akisoma hapa atajijua.

Mimi ni mhasibu. Mchana nashinda kwenye Excel, usiku watoto wakishalala nacheza Counter-Strike 2, gemu la bunduki, na wadogo zangu wawili, mmoja yuko Mwanza, mwingine Dodoma. Kompyuta nimeiunga kidogo kidogo kadiri mshahara ulivyoruhusu: prosesa ya Ryzen 5 5600 na feni yake ileile ya kwenye boksi, kadi ya picha GTX 1660 Super, na kasha jeusi lenye kioo mbele nililolipenda kwa sura. Hicho kioo tutarudi kwake. Monita niliyokuwa natumia ilikuwa ya ofisi fulani walipohama jengo, 60Hz, ina kovu la stika ya namba ya mali pembeni.

Dukani, Mtaa wa Aggrey, kijana aliniuliza, "Mama, ni ya mtoto?" Nikamwambia ni ya mama. Akacheka, akaomba radhi, halafu akanipeleka moja kwa moja kwenye monita kubwa kuliko zote, inchi 27, iliyopinda, ina taa nyekundu mgongoni. Bei ilikuwa karibu sawa na ile niliyoifuata. Mtu asiyejua angeona amepata inchi tatu za bure. Ila pikseli, yaani nukta zinazounda picha, ni zilezile 1920 kwa 1080, zimetandazwa tu kwenye uwanja mkubwa: kwenye inchi 24 unapata kama 92 kwa kila inchi, kwenye 27 zinashuka hadi 82 hivi. Ukiwa unakimbia na bunduki pengine hutaona. Mimi nasoma tarakimu kutwa, nikafungua jedwali langu pale pale na herufi zilikuwa na meno.

Halafu paneli yake ilikuwa VA. Weusi wake mzuri, sikatai, kuliko wa IPS, ile aina nyingine ya paneli. Lakini nilifungua ukurasa mweusi wenye maandishi ya kijivu, nikaupandisha na kuushusha, na maandishi yakawa yanaburuta moshi nyuma yake. Sio VA zote ziko hivyo. Ile ilikuwa hivyo. Juu ya hapo ilikuwa na nukta moja nyekundu iliyoganda kona ya chini kulia. Nukta hiyo nisingeiona kama nisingekwenda na flashi yenye picha tano za rangi tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu. Unaijaza skrini rangi moja, unasogeza uso karibu, unapekua kama unachambua mchele. Kijana alivumilia zoezi langu dakika ishirini nzima, tena mara mbili, na nyota mbili kati ya zile nilizotoa ni za uvumilivu huo.

Nilitamani pia moja ya 1440p. Nikapiga hesabu: 2560 kwa 1440 ni pikseli milioni 3.7 hivi, wakati 1080p ni milioni 2.1. Kadi yangu ingepewa kazi karibu mara moja na robo tatu ya ile inayoihemesha sasa. Nikaachana nayo.

Hiyo 24G2 ikapita mtihani. Inchi 23.8, IPS, 144Hz, FreeSync (monita inafuata kasi ya kadi ili picha isikatike), na mguu unaopanda na kushuka. Huo mguu watu huudharau, mpaka shingo ianze kuuma. Risiti ya EFD nilipewa bila kuomba, gerentii wiki mbili imeandikwa kwa kalamu nyuma yake. Nyota moja na nusu iliyokatwa ni ya waya. "Bila waya huu wa HDMI hupati 144," akanishawishi, Sh 25,000. Kumbe kadi za NVIDIA za kizazi cha hii yangu zinakubali FreeSync, tangu Januari 2019, lakini kwa kupitia tundu jingine, DisplayPort. Kesho yake nikanunua waya wa DisplayPort kwa Sh 18,000 kwingine.

Usiku wa kwanza nilicheza na sikuona tofauti yoyote. Usiku wa pili hivyo hivyo. Nikaanza kujisemea nimeshapigwa. Mdogo wangu wa Dodoma ndiye aliyeniuliza, "Dada, umebadilisha kwenye setingi?" Windows ilikuwa imeiacha monita kwenye 60Hz, kimya, bila kusema neno. Unaingia setingi za displei, sehemu ya Advanced display, unachagua 144 mwenyewe. Nilipochagua, hata mshale wa mausi ulitembea kama umepakwa mafuta. Fremu ambayo ilikuwa inakaa milisekunde 16.7 sasa inakaa 6.9, na jicho linalijua hilo kabla hujalieleza. Wote mnaosema hakuna tofauti, nendeni mkaangalie setingi zenu kwanza.

Usiku huohuo ndio matatizo yalipoanza. Dakika kama ishirini ndani ya mchezo, feni zikaanza kulia kama mashine ya kukoboa mpunga. Picha ikawa inakwama, inaruka, inakwama. Nikazima, nikawasha, ikawa nzuri kwa robo saa, ikarudi palepale. Nikapiga simu dukani kwa hasira. Kijana akasema monita haiwezi kupasha kompyuta moto. Alikuwa sahihi nusu.

Fundi wa jirani na kwangu Tabata aliiwasha, akasikiliza dakika mbili, akasema pawa saplai, lile boksi la umeme la ndani, imechoka, inatakiwa kubwa zaidi, Sh 140,000 pamoja na ufundi. Hakufungua kasha. Hakupima chochote. Mimi kazini mtu akiniletea gharama bila kiambatisho namrudishia karatasi zake, kwa hiyo nikabeba mashine yangu nikaondoka.

Nyumbani nikashusha HWiNFO, programu ya kupima joto la kompyuta, ni ya bure, nikaiacha ikirekodi wakati nacheza. Prosesa: nyuzi 90, na hapo ndipo kikomo cha 5600 kilipo, ikifika inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndio kule kukwama. Kadi ya picha: 85. Chumba chenyewe kilikuwa 31, maana ilikuwa Februari na mimi sina kiyoyozi. Na hilo ni la kukumbuka ukisoma namba za watu wa Ulaya mtandaoni: feni inapuliza hewa uliyonayo, haitengenezi baridi. Mwenye chumba cha 20 ameanza mbio nyuzi kumi na moja mbele yako.

Halafu nikaelewa. Kwa monita ya zamani na V-Sync (setingi inayoifunga kadi kwenye kasi ya monita) ikiwa imewashwa, kadi ilikuwa inachora fremu 60 kwa sekunde na kupumzika. Mashine yangu miaka yote ilikuwa mgonjwa, ila hakuna aliyewahi kuikimbiza. Niliporuhusu 144, kadi na prosesa zikaambiwa zifanye zaidi ya mara mbili, na uchafu wote ukajitokeza.

Kipimo cha kwanza hakina gharama: toa ubavu wa kasha, cheza tena. Prosesa ikashuka hadi 80. Nyuzi kumi kwa skrubu mbili! Hapo ujue tatizo kubwa ni hewa. Ile pawa saplai ya fundi haimo. Kile kioo cha mbele nilichokipenda kimebakiza upenyo wa kama kidole pembeni, na nyuma yake kwenye chujio kulikuwa na vumbi limeshikana kama blanketi, la kijivu, lenye unyevunyevu wa Dar. Nililibandua zima zima.

Feni ya nyuma ndiyo iliyonichekesha, baada ya kuniudhi. Niliifunga mwenyewe mwaka juzi, na niliifunga kinyume. Hewa hutokea upande ule wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota, na mikono ile ilikuwa inatazama ndani. Kwa hiyo feni za mbele zilikuwa zinahangaika kuvuta kupitia blanketi, ya nyuma inapuliza moto ndani, na hewa ikawa inazungukazunguka humo kama daladala Kariakoo saa kumi na moja jioni.

Nikageuza feni. Nikapuliza vumbi kwa bloa, huku nimezuia mapanga ya kila feni kwa kidole yasizunguke. Nikabadilisha pesti ya prosesa pia, ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipoozi, Arctic MX-4, maana ya zamani ilikuwa imekauka kama chaki. Hapa angalizo moja kwa wenye Ryzen za soketi ya AM4, kama yangu: cheza kwanza dakika kumi pesti ipate joto, zima, chomoa umeme, halafu zungusha kipoozi kushoto na kulia taratibu kabla ya kukivuta. Ukikinyofoa kikiwa baridi, prosesa inaweza kutoka nacho ikiwa imegandia, na pini zake ni nyembamba kuliko sindano. Ya zamani nilifuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpya nikaweka punje ya mbaazi katikati.

Mwisho nikaweka kikomo cha fremu 138 kwenye programu ya NVIDIA, chini kidogo ya 144 ili FreeSync isitoke nje ya uwanja wake. Gemu la mpira nimelifunga kwenye 90, silihitaji zaidi.

Nikacheza tena usiku, chumba kikiwa nyuzi zilezile 31: prosesa 76, kadi 73, saa mbili bila kukwama. Gharama yote, pesti Sh 22,000 na bloa ya kuazima kwa jirani anayeuza kompyuta.

Kioo cha mbele nimekitoa, kiko uvunguni mwa kitanda. Kasha sasa linaonekana kama jino limeng'oka, na Jumamosi mchana wa jua kali kadi bado inapanda hadi 79. Saa hizo nafua.