Jani au gome: mtoto aanzie wapi kuutambua mti?

Kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, mimi naanza na jani. Analishika, analinusa. Chini ya mwembe wowote wa Mwanza mpe jani alifikiche: harufu ya embe itamjibu kabla yako. Kisha mletee mwarobaini na mkwaju. Yote miwili ina vijani vingi kwenye kikonyo kimoja, na hapo ndipo jicho linaponolewa: vya mwarobaini vina kingo zenye meno na ncha kali, vya mkwaju ni vidogo, kingo laini, vimepangwa jozi kwa jozi. Raha hii gome halina.

Gome lina nafasi yake. Halipukutiki kiangazi mkrismasi unapobaki matawi matupu, na mtoto analifikia hata kwenye mkuyu mrefu. Aweke karatasi juu yake, asugue kwa kalamu ya rangi, alama zitokee. Ila hubadilika mti unapozeeka, nalo humchanganya mdogo. Nawaachia darasa la tano.

Mnyaa wa kwenye ua wa boma ni kesi ya peke yake: majani yake hayaonekani kwa urahisi, kwa hiyo tazameni vijiti vyake vya kijani. Kwa macho tu! Utomvu wake mweupe huunguza macho vibaya.