Kaunta ya chipbodi ya milimita 38: nzuri, ila inaogopa maji

Kwa anayefunga mwenyewe, kaunta ya jikoni ya chipbodi (chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) yenye lamineti (utando mgumu wa juu) inafaa: nyepesi kuliko granaiti, na msumeno wa kawaida unaikata. Adui yake ni maji. Yakipenya kwenye ukingo uliokatwa, chipbodi huvimba na hairudi tena. Kwa hiyo tundu la sinki lipakwe vanishi mara mbili kuzunguka ukingo wote mbichi, kisha silikoni chini ya mdomo wa sinki. Mafundi wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoua kaunta.

Ukitumia msumeno wa mviringo wa mkononi, geuza kaunta na ukate ukiwa upande wake wa chini. Meno ya msumeno hupanda juu, na ukikatia upande wa juu hubandua lamineti.

Kona za ukuta ni nadra kuwa nyuzi 90 kamili. Pima ncha zote mbili, si moja, na usawazishe makabati kwa pimamaji kwanza. Skrubu za milimita 30 zinatosha kupita mbao ya kabati ya milimita 18. Ndefu zaidi ya 56 zitatoboa juu. Mahali vipande viwili vya kaunta vinapoungana pasiwe karibu na sinki.

Sufuria ya moto huiunguza kaunta hii. Kwa jiko lisilo na majimaji, ikifungwa kwa uangalifu, naipa nyota nne kati ya tano.