Muziki wa Sayari: Pythagoras au Kepler?

Wafuasi wa Pythagoras, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, walioona kwamba nyuzi zenye uwiano wa urefu wa 2:1 au 3:2 hulia kwa upatanifu, waliamini kuwa sayari nazo huimba zinapozunguka, na kwamba muziki unaweza kuituliza roho iliyovurugika. Kwa maisha ya kila siku, fundisho hilo lina faraja kubwa. Mwanaastronomia Johannes Kepler, mwaka 1619, hakutafuta sauti ya kusikika bali alilinganisha kasi ya juu na ya chini ya kila sayari: ikitazamwa kutoka kwenye Jua, Zohali hubadili mwendo kwa takriban 5:4, ilhali Dunia hubadilika kwa 16:15 tu, yaani nusu toni, hatua ndogo ya muziki kama ile ya kutoka noti mi hadi fa, ambamo yeye alisikia taabu na njaa (kwa Kilatini, miseria na fames). Namchagua Kepler, kwa kuwa upatanifu wake unakubali kupimwa angani.